Sura ya Sita: Muuzaji Anayeuliza Namba ya Chesisi

Hilux ya mwaka 1990 inayoingizwa gereji ya Buterere, Bujumbura, ili ifufuliwe huwa imepita mikono mingi. Injini iliyomo huenda siyo iliyotoka nayo kiwandani. Gia boksi imetolewa kwenye gari jingine lililopata ajali, mlango wa kushoto una rangi mbili chini ya ile ya juu, na taa za mbele zililetwa na mtu aliyekuwa amekwenda Dar es Salaam kwa shughuli zake. Mwenye gari akienda dukani akasema tu "nataka pampu ya maji ya Hilux", atapewa pampu ya maji ya Hilux, na itakuwa ya Hilux kweli. Linabaki swali la Hilux ipi.

Toyota ilianza kuunda Hilux mwaka 1968. Ninazozisemea hapa ni za kizazi cha 1983 na kilichofuata cha 1988, kwa sababu ndizo ambazo chesisi na difu zake bado zinastahili gharama ya kufufuliwa, na ndizo ambazo spea zake zimetapakaa kila mahali, nzuri na mbovu. Wingi huo ndio unaowaponza watu. Mwenye gari adimu hulazimika kuwa mwangalifu tangu mwanzo, lakini mwenye Hilux hudhani kila duka lina cha kwake.

Fungua boneti. Kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha dereva kuna kibati kidogo, mara nyingi kimepakwa rangi pamoja na gari zima. Kisugue polepole kwa kitambaa chenye tina, usitumie msasa, maana maandishi hayana kina. Utasoma kitu kama LN106L au LN106R. L ya kwanza ni familia ya injini, N ni Hilux, 106 ni toleo la gari, na herufi inayofuata inataja upande wa usukani: L ni kushoto, R ni kulia. Kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye reli ya chesisi karibu na gurudumu la mbele, uone kama inaafikiana na ya kwenye kibati. Zikitofautiana, bodi na chesisi vimekutanishwa na mtu, na kila moja itahitaji kununuliwa spea zake.

Injini nayo isomwe peke yake, kwenye bloku, kwa kuwa kibati kinaeleza injini ya kiwandani tu. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Injini za dizeli za familia ya L zilikuja kwa ukubwa tofauti: 2L ina lita 2.4, 3L lita 2.8, 5L lita 3.0, na kwa nje zinafanana kama ndugu. Hata ndani ya 2L kuna mbili. Ile ya zamani inasukuma valvu zake kwa roka. Ile iliyoanza kuingia 1988 haina roka, kemshafti inakandamiza valvu moja kwa moja. Hedi ya moja haiendi kwa nyingine. Muuzaji anayekuambia "2L ni 2L tu" amekwisha kukueleza yote unayohitaji kujua kuhusu duka lake.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza cha muuzaji ni kile anachouliza kabla ya kutaja bei. Mzuri huomba namba ya chesisi, au picha ya kibati, au kipuri cha zamani mkononi. Akishaipata, hufungua katalogi kwenye simu au kompyuta, akatafuta namba ya kipuri chenyewe. Namba za Toyota zina tarakimu kumi, tano na tano, na ukizizoea zinasomeka. Tano za kwanza zinataja aina ya kitu: 11101 ni silinda hedi, 16100 ni pampu ya maji, 13568 ni mkanda wa taimingi, 31250 ni sahani ya klachi, 04495 ni breki shuu za nyuma. Zinazofuata mara nyingi hudokeza kipuri kilisanifiwa kwa ajili ya nini: 54 huonekana sana kwenye vitu vya injini za L, 35 kwenye vya Hilux, 60 kwenye vya Land Cruiser. Mteja anayeingia dukani na namba hiyo imeandikwa kwenye karatasi hupewa huduma tofauti. Haulizwi tena "unataka ya bei gani?", anaulizwa "unataka ya kampuni gani?", na hilo ndilo swali lenye faida kwake.

Namba hubadilika pia. Kiwanda kikirekebisha kipuri, namba ya zamani hufutwa na mpya kuchukua nafasi yake, na gari la miaka 35 huwa limepitiwa na mabadiliko hayo mara nyingi. Muuzaji asiyejua kufuatilia namba iliyorithiwa atakuambia kipuri hakitengenezwi tena, kumbe kipo kwa namba nyingine.

Sasa tuje kwenye jambo linaloihusu Burundi kuliko majirani zake wengi. Ubelgiji iliiachia nchi hii kuendesha upande wa kulia wa barabara, kama Rwanda na Kongo. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, na Japani vilevile. Sehemu kubwa ya mizigo ya Burundi hupitia bandari ya Dar es Salaam, na pamoja nayo spea nyingi zilizochambuliwa kwa ajili ya soko la usukani wa kulia. Kwa Bujumbura, ambako magari ya usukani wa kulia na wa kushoto yamechanganyika barabarani, hilo lina uzito. Stelingi boksi, masta silinda ya breki na ya klachi, mabano ya pedeli, dashibodi na mikono ya waipa hufuata upande wa dereva. Gia boksi yenyewe haijali, wala difu, wala springi.

Taa za mbele zina kanuni yake, na karibu hakuna anayeiuliza. Taa zikiwa chini, mwanga wake haukatwi sawasawa. Upande mmoja huinuliwa kidogo ili uangaze ukingo wa barabara, alipo mtembea kwa miguu. Taa ya nchi inayoendesha kushoto huinua mwanga kushoto. Ukiifunga kwenye gari linalotembea Bujumbura, mwanga huo unaingia machoni mwa anayekuja mbele yako, na ukingo wa kulia, wanakopita watu na baiskeli usiku, unabaki gizani. Upande wa usukani hauhusiki hapa, kinachoamua ni upande wa barabara. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji aiwashe taa kwa betri mbele ya ukuta, mita tatu hivi, utazame mwanga unapanda upande gani. Ni kazi ya dakika moja. Duka lisilokubali kuifanya halistahili fedha zako hata kama taa ni mpya kabisa.

Kuhusu ubora, watu husema "orijino" na "feki" kana kwamba hakuna kingine, na mgawanyo huo unawagharimu. Toyota haitengenezi kila kitu chake. Pampu ya dizeli ya 3L ni ya Denso, kampuni iliyotengwa na Toyota mwaka 1949. Klachi na pampu za maji nyingi ni za Aisin. Beringi nyingi zilikuwa za Koyo, ambayo tangu 2006 iko ndani ya kampuni ya JTEKT. Shokapu za KYB, boljointi na tai rodi za 555, klachi za Exedy: hizi zote huuzwa pia kwenye maboksi ya watengenezaji wenyewe, kwa bei iliyo chini ya ile ya boksi lenye nembo ya Toyota. Kwa gari la kazi, hapo ndipo ningeweka fedha yangu. Chini yake kuna spea za bei nafuu zenye jina lao wenyewe, ambazo angalau zimetambulika zilivyo, na fundi anaweza kuamua zinafaa wapi. Hatari ni ile inayovaa jina la mwingine.

Namna ya kuitambua inategemea kitu chenyewe. Beringi ina jina na namba vilivyochorwa kwenye pete ya chuma. Fungua boksi, linganisha namba ya pete na ya boksi, kisha izungushe polepole karibu na sikio. Filta ya oili itazame kwenye yale matundu madogo ya kuzunguka: ndani unapaswa kuona kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi chini injini ikizimwa. Kiguse kwa ncha ya kalamu. Kikiwa kigumu kama plastiki, au hakipo kabisa, kila asubuhi injini itaanza kuzunguka ikiwa kavu kwa sekunde kadhaa, na sekunde hizo hujikusanya mwaka mzima kwenye beringi za krenki.

Spea zilizotumika nazo zina nafasi yake ya heshima. Chuma kisicholika kwa msuguano, kama nyumba ya difu, fremu ya mlango, tangi, bano la injini, mara nyingi ni bora kikiwa cha zamani cha kiwandani kuliko kipya cha kuiga. Ila uliza kilikotoka. Magari yaliyochinjwa Ghuba, na Sharjah ni soko kubwa la biashara hiyo, huwa na bodi safi isiyo na kutu, lakini jua limekwisha kuua kila kitu cha mpira na plastiki: dashibodi imepasuka, mipira ya milango imekuwa mikavu kama gome. Yale ya kaskazini ya Japani ni kinyume chake. Ndani yanapendeza, lakini chini yameliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Kwa hiyo milango ya Ghuba, na dashibodi ya Japani kama usukani wa gari lako uko kulia, na mtu asikubali kuuziwa chesisi ya Japani bila kuilalia chini na kuigonga kwa nyundo ndogo urefu wake wote.

Silinda hedi iliyotumika inahitaji ukali zaidi. Hedi za injini hizi zikichemka hupasuka, na ufa hupenda kujificha kati ya valvu mbili. Isafishwe mbele yako mpaka chuma kionekane. Weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, kisha kwa pembe, ujaribu kupitisha jani jembamba la fila geji chini yake. Igeuze, mimina dizeli kwenye matundu ya hewa, usubiri kuona kama inavuja kupitia valvu. Hata ikishinda yote hayo, malipo ya mwisho yangojee kipimo cha presha cha karakana ya kuchonga vyuma, na hilo liandikwe kwenye faktura: ikikutwa imepasuka, inarudi na fedha inarudi. Muuzaji wa hedi anayekataa sharti hilo anajua kitu kuhusu hedi yake.

Kuna spea ambazo mtu asinunue zilizotumika kwa bei yoyote: mkanda wa taimingi, gasketi, sili za oili, mipira ya breki, breki shuu na padi, mabomba ya maji. Mkanda wa injini hizi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hukutana na pistoni. Ikiwa gari limenunuliwa bila historia, na karibu yote hununuliwa hivyo, mkanda uhesabiwe kuwa umekwisha siku linapoingia gereji.

Breki nazisisitiza kwa sababu ya barabara. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kwenye mwinuko wa mita 770 na kidogo. Barabara ya taifa namba 1 inapanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, kwa safari ya takriban kilomita 35 tu. Pikapu iliyokwenda kuchukua kabichi na viazi huko juu hurudi imejaa, na mteremko wote huo huangukia kwenye sahani mbili za mbele na madramu mawili ya nyuma, huku barabara hiyohiyo ikiwa na waendesha baiskeli waliobeba ndizi na makaa. Ukienda kununua breki shuu, chukua dramu uende nayo. Laza shuu ndani yake utazame kama inagusa kwa upana wote au kwa ncha tu. Na dramu ikiwa ni ya kutumika, soma ndani yake kipenyo cha mwisho kilichoandikwa kwenye chuma, upime. Dramu iliyochongwa kupita kipimo hicho imebaki nyembamba, hupata joto haraka, na breki hupotea wakati inapotakiwa zaidi.

Mpando huohuo ndio unaopima rejeta, pampu ya maji na gasketi ya hedi. Gari linaloishia mjini linaweza kuvumilia pampu ya bei nafuu. Linalopanda Bugarama kila wiki haliwezi, na muuzaji mwenye busara atakuuliza gari linafanya kazi wapi.

Buterere yenyewe ina mtihani wake. Ni uwanda wa chini upande wa uwanja wa ndege, na mvua kubwa ikija maji husimama barabarani. Pikapu nyingi hupita humo na mizigo ya sokoni au taka za kupeleka kwenye jalala la mji. Maji huingia kwenye beringi za magurudumu na ndani ya difu, hasa pale kijitundu cha kupumulia difu kinapokuwa kimeziba kwa tope: difu yenye joto ikitumbukia kwenye maji ya baridi hupoa ghafla, hewa ya ndani hujikunja, na maji huvutwa kupitia sili. Oili hugeuka rangi ya maziwa. Kwa gari la Buterere, muuzaji mwenye akiba ya sili nzuri za ekseli, za ukubwa sahihi, zilizohifadhiwa mbali na jua, ana thamani kuliko mwenye injini tano nje ya duka. Sili ni kitu kidogo, kwa hiyo wengi hununua chochote kinachotosha tundu.

Mtu anazipata wapi? Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ndiko kwa kuanzia: maduka na mafundi wako pamoja, na sifa ya muuzaji inajulikana kwa majirani zake. Uliza mafundi watatu wasiofanya kazi naye moja kwa moja. Anayetajwa kwa kukubali kurudishiwa kitu ndiye wa kumfuata, hata kama bei yake iko juu kidogo. Kwa vitu visivyopatikana hapo, Gerezani na Kariakoo za Dar es Salaam zina wauzaji wanaotuma mizigo kwa malori yanayopitia Kobero. Mtumie muuzaji wa huko picha ya kibati, picha ya kipuri cha zamani kikiwa kimelazwa kando ya rula, na namba. Mwombe naye akutumie picha ya kitu chenyewe atakachokifunga, siyo ya kwenye katalogi.

Njia nyingine zinategemea hali ya nchi. Gatumba inafungua mlango wa Uvira, na Kongo huendesha upande wa kulia kama sisi, kwa hiyo stelingi boksi za usukani wa kushoto zilikuwa zikipatikana huko kwa urahisi zaidi kuliko Dar. Lakini vita vya Kivu, hasa tangu Bukavu ianguke mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, vimeifanya njia hiyo isitegemewe. Mpaka wa Rwanda ulifungwa na Burundi Januari 2024, na pamoja nao njia ya kwenda Gatsata ya Kigali na hata mbele hadi Kisekka ya Kampala ikakatika au ikawa ndefu. Anayefufua gari asiwe na muuzaji mmoja tu wa kila kitu, wala asiwe na kumi. Watatu, walioko kwenye njia tofauti, wanatosha.

Fedha ina sauti yake katika haya yote. Spea hununuliwa kwa dola huko nje na kuuzwa kwa faranga hapa. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, dola ikatoka takriban 2,000 hadi zaidi ya 2,800 kwa bei rasmi, na bei ya mtaani iko juu zaidi ya hiyo. Ndiyo maana bei uliyopewa Jumatatu inaweza kukataliwa Ijumaa bila muuzaji kuwa mwizi. Anayefaa husema wazi bei hii inadumu hadi siku gani, na huandika kiasi cha amana, namba ya kipuri, kampuni, na kama ni kipya au kimetumika. Lipa amana kwa simu, kupitia Lumicash, ikiwezekana, ili ibaki kumbukumbu. Na orodha ya ununuzi ipangwe kwa uzito: breki, usukani na sili kwanza, injini ifuate, bodi na urembo mwisho. Nimeona pikapu zimepakwa rangi ya kung'aa huku tai rodi zikicheza. Fedha ilianza kutumika upande usiofaa.

Wenye Peugeot 504 pikapu, iliyoanza kutengenezwa 1979 na kuunganishwa Nigeria na Kenya hadi miaka ya 2000, wana kazi nyingine. Kwao muuzaji wa dukani ni nadra, na msambazaji wa kweli huwa ni gari jingine bovu lililonunuliwa zima. Toyota yenyewe tangu 2020 imeanza kutengeneza upya baadhi ya spea za magari yake ya zamani, ikaanza na Supra kisha Land Cruiser za 40, lakini pikapu za kubebea kabichi hazijafikiriwa. Bushi za springi, pini na spesa fulani zitachongwa na fundi wa mashine hapa mjini, na zikichongwa kwa chuma kinachofaa hudumu. Mpe sampuli ambayo haijalika, au vipimo vya upande ambao haujalika, la sivyo atakuchongea kwa uaminifu kabisa nakala ya kitu kilichokwisha.

Kwa sababu hiyohiyo, hakuna kipuri cha zamani kinachopaswa kuondoka gereji mapema. Kifungwe kwenye mfuko, kiandikwe namba na tarehe, kikae mpaka gari lipande Bugarama na mzigo na kurudi mara kadhaa. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita Buterere kila siku, na fundi akishawauzia hedi ya zamani, huna tena cha kulinganisha nacho pale iliyofungwa itakapoanza kutoa maji.